Mpaka Mama Apumzike

Mafuta yalikuwa yamekaa ndani ya jicho la Edina miezi mitano alipouliza kwa mara ya kwanza, waziwazi, ni nani atabaki na mama mkwe wake siku atakapokwenda kuyatoa.

Aliuliza wakati wa chakula cha mchana. Cleopa, mumewe, alikuwa ametoka karakanani na vumbi la mbao lilikuwa bado limemganda mikononi. Alikuwa fundi seremala, mzee wa kanisa pale Lundo, mtu wa maneno machache na shati safi la Jumapili. Alimega ugali wa muhogo, akachovya kwenye mchuzi wa usipa, dagaa wa ziwani, akatafuna mpaka akamaliza, ndipo akasema kwamba jambo hilo lina wakati wake.

Wakati wake ulikuwa umeandikwa kwenye kadi. Daktari wa Dar es Salaam aliyempasua mwezi wa Novemba, dada mmoja kijana mwenye sauti ya taratibu, alikuwa amewaeleza wote wawili bila haraka. Ile ngozi nyembamba ya nyuma ya jicho, inayopokea picha, ilikuwa imebanduka. Wameirudisha mahali pake na kuigandamiza kwa mafuta mazito ili ishike. Ikishashika, mafuta lazima yatoke. Yakitolewa mapema mno, ngozi inaweza kubanduka tena. Yakiachwa mno yanachakaa, yanakatika matone madogo madogo, yanaziba njia ya maji ya jicho, presha ya ndani inapanda, na mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo unakufa. Mshipa ule ukifa haufufuki. Basi mje kati ya mwezi wa tatu na wa sita baada ya upasuaji, alisema, tuangalie, tuamue pamoja. Akaandika kwenye kadi: isipite Mei.

Hilo lilikuwa jicho la kulia. La kushoto lilikufa kwa surua Edina akiwa mtoto wa miaka minne, kwa hiyo hakuwa na jingine la kungojea nalo.

Tatizo lilikuwa Mama Gertruda. Mwezi wa Februari kiharusi kilimpiga upande mzima wa kulia, na tangu siku hiyo mkono uliomwogesha, uliomgeuza, uliomsafisha na kumlisha uji ulikuwa mkono wa Edina. Kutoa mafuta kulitaka wiki mbili za kukaa Dar karibu na hospitali, na mwezi mzima wa kutoinua kitu kizito wala kuinama. Mabinti wao wawili walikuwa wameolewa mbali, mmoja ana kichanga, mwingine mimba ilikuwa ikimsumbua.

"Tumpigie daktari," Edina alisema. "Tusikie mwenyewe anasemaje."

Cleopa akapiga, akaweka sauti ya nje ili mkewe asikie. Daktari aliwakumbuka. Akasema jicho haliwezi kuamuliwa kwa simu, wamlete.

"Lakini mkiyatoa," Cleopa akauliza, "unanihakikishia ataendelea kuona?"

"Kuhakikisha siwezi, mzee. Kwa wagonjwa kumi, mmoja au wawili ngozi hubanduka tena, inabidi turudie. Lakini tukiyaacha kwenye jicho kama lake, ambalo ndilo—"

"Asante sana daktari, tumeelewa," Cleopa akasema, akakata.

Akaiweka simu mezani, akamgeukia mkewe. "Umesikia mwenyewe. Hawezi kuhakikisha."

Edina alikuwa amesikia. Alikuwa amesikia pia sentensi iliyokatwa katikati. Ila kilichomfunga mdomo hakikuwa heshima kwa mume, kilikuwa hofu yake mwenyewe, na Cleopa aliijua. Kwa jicho lile lenye mafuta Edina aliona nyuso za watu wakimkaribia hatua moja. Aliona weupe wa shuka, mlango ulipo, ziwa likiwaka asubuhi. Ilikuwa nuru kidogo lakini ilikuwa yake, na kila alipofikiria kisu kikirudi mle ndani aliogopa kuipoteza.

"Ngoja kwanza mama apumzike," Cleopa akasema kwa upole. "Akishapumzika, tutakwenda kwa utulivu."

Katika nyumba ile neno hilo lilikuwa na maana moja tu.

* * *

Ida, dada yake Cleopa, alishuka kutoka Mbinga baada ya Pasaka kumwona mama yake. Alikuwa na duka la vitenge mjini, na mumewe alikuwa na shamba la kahawa Matiri. Aliingia, akamwamkia mama yake, akalia kidogo, akafuta macho, kisha akatoka uani alikokuwa amekaa Edina na ungo wa mchele.

"Wifi, naambiwa unataka kwenda Dar."

Edina akamweleza. Ida akamsikiliza huku akiangalia vidole vya wifi yake vikitembea kwenye mchele, vikikamata jiwe, vikilitupa pembeni, vikikamata jingine. Halafu akainua vidole vyake mwenyewe mbele ya uso wa Edina.

"Hivi ni vingapi?"

"Wifi, acha."

"Nakuuliza tu. Vingapi?"

"Vitatu," Edina akabahatisha, na vilikuwa vitatu.

Ida akamgeukia kaka yake aliyekuwa amesimama mlangoni. "Mtu anatoa mawe kwenye mchele, anahesabu vidole, halafu anasema jicho linamharakisha. Mimi nina macho mawili na mawe hayo siyaoni."

Hata Edina hakuwa akiyaona. Alikuwa akiyasikia kwa ncha za vidole, kazi aliyojifunza polepole tangu Februari, pamoja na kujua uji umeiva kwa sauti yake na shuka limelowa kwa harufu. Angeweza kusema hivyo pale pale. Lakini alijua kingefuata nini: ikiwa haoni mchele, basi amwogesheje mgonjwa, ampe dawa gani kwa saa gani? Akionekana anaona, hana haja ya kwenda. Akionekana haoni, anaanza kuwa mzigo nyumbani kwa watu. Akaendelea na ungo.

Ida aliahidi kwamba kahawa ikishavunwa na kuanikwa, atakuja kukaa na mama mwezi mzima. Kahawa ilikuwa bado haijaanza hata kuiva.

* * *

Katikati ya Mei Mama Gertruda alizidiwa. Homa ilipanda, kifua kikaanza kukoroma, uji ukawa unarudi puani. Padri alikuja akamwekea mikono na kumpaka mafuta matakatifu. Ida akapanda gari la kwanza kutoka Mbinga. Majirani wakaleta kuni, wakazipanga nyuma ya jiko bila kusema ni za nini. Cleopa alichagua mbao mbili nzuri za mninga karakanani kwake, akaziweka kando.

Edina alikaa kitandani kwa mama mkwe siku tatu. Siku ya pili, mchana, alijikuta anasikiliza pumzi ile kwa namna ambayo hakuwa ameisikiliza kabla. Ilikuwa ikivutwa, ikikaa, ikitoka. Kila ilipokaa muda mrefu, moyo wake ulipanda, na haukupanda kwa huzuni. Alikuwa akifikiri: bado siku kumi na nne za Mei. Tukimzika kesho, Jumatatu naweza kuwa njiani. Alipotambua anachokifikiri alitoka nje, akasimama nyuma ya choo, akajipiga kofi shavuni kama anayempiga mtoto mwenye tabia mbaya. Kisha akarudi kitandani na kuendelea kusikiliza.

Siku ya nne homa ilishuka. Mama Gertruda alifumbua macho, akaomba uji, akataka uwe na sukari. Ida akarudi Mbinga jioni hiyohiyo, na kuni zikabaki zilipopangwa.

Wiki iliyofuata, wakati Edina akimkausha mgongo, bibi kizee alisema kwa ule mdomo wake uliopinda:

"Mlikuwa mnaningoja."

"Hapana, Mama."

"Mlikuwa mnaningoja. Wale wengine waliningoja kwa sababu wamechoka. Wewe una sababu." Akavuta pumzi. "Niitie Cleopa."

Cleopa alikuja akiwa ameshika kofia. Mama yake akamwambia maneno ambayo Edina aliyasikia yote kutoka nyuma ya pazia la mlango: ampeleke mke wake Dar. Yeye atakaa na mtu yeyote watakayempata. Mtu akimlisha vibaya, atakula vibaya. Akimchelewesha kwenye uchafu, atangoja. Wiki sita hazijaua mtu.

"Mama, mambo hayo usiyafikirie," Cleopa akasema. "Wewe pumzika."

Jumapili ile, baada ya ibada, aliwaambia wazee wenzake nje ya kanisa kwamba mama yake hakubali mkono wa mtu mwingine ila wa mkwewe, hata chakula anakataa. Wakatikisa vichwa kwa kusifu. Mmoja alimwambia Edina kwamba akina mama wa aina yake wamebaki wachache.

Cleopa hakuwa mtu mbaya kwa namna ambayo watu wangeiona. Alipofikiria mgeni akimvua mama yake nguo, akiona mapaja yaliyonyauka na kidonda cha mgongoni, kisha akienda kuyasimulia kisimani, mwili ulimsisimka. Alifikiria pia maneno ya watu: mzee wa kanisa kamwacha mama yake kwa mtu baki, kaenda mjini na mkewe. Jicho la Edina halikuwa na maneno ya watu. Lilikuwa ndani, halionekani, na mwenyewe alikuwa bado anapika.

* * *

Mwezi wa Juni Edina alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika ndoa ya miaka ishirini na sita. Alikwenda nje ya nyumba kuomba msaada. Alishika ukuta, akashika ua wa jirani, akavuka njia kwa kusikiliza pikipiki, mpaka nyumbani kwa Mama Wendelin, mwenyekiti wa umoja wa akina mama wa kanisa. Akamweleza yote. Mama Wendelin hakumwuliza idadi ya vidole. Alimkalisha, akamsikiliza, akasema kuwa akina mama kumi na wawili wakigawana siku, wiki sita si kitu. Watamwogesha bibi wawili wawili. Yeye mwenyewe ataanza.

Edina alirudi nyumbani amepata nguvu miguuni. Alimweleza Cleopa akitegemea atafurahi, kwa kuwa mzigo umepata wabebaji na hakuna aliyeajiriwa.

Cleopa hakupiga kelele. Aliuliza tu ni akina mama gani, akataka majina. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Umekwenda kutangaza kwamba nyumba hii imeshindwa kumtunza mama yangu." Akavaa shati la kutokea, akaondoka. Alikaa huko mpaka jua likashuka upande wa ziwa, na aliporudi alikula, akalala.

Edina aliujua ukweli Jumapili, kwenye ngazi za kanisa. Mama Wendelin alimshika mikono yote miwili akafurahi kwa dhati. "Mzee alitupitia mmoja mmoja akatueleza. Tumemshukuru Mungu daktari amesema jicho linaendelea vizuri, mafuta yakae mpaka mwakani."

Pale pale Edina angeweza kusema hapana. Mumewe alikuwa amesimama hatua tatu kutoka hapo. Aliiona rangi ya shati lake. Watu walikuwa wakipita wakiamkiana. Edina alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa, "Ndiyo, tumshukuru Mungu." Njiani kurudi nyumbani aligundua kwamba, chini kabisa ya uchungu, kulikuwa na kijisehemu chake kilichopata nafuu kwa sababu kisu kimeahirishwa. Hilo ndilo alilolichukia kuliko uongo wa Cleopa.

* * *

Julai ulianza upepo mkali wa ziwa, na kichwa kikaanza kumwuma juu ya jicho. Cleopa alisema ni upepo, akamnunulia dawa ya maumivu. Agosti binti yao mkubwa alikuja siku mbili na mtoto mgongoni. Alimtazama mama yake usoni, akasema kuna kitu cheupe ndani ya jicho, juu, kwenye sehemu nyeusi, kama povu limeelea. Cleopa akaja akatazama naye. Akasema labda ni dawa. Binti alitaka kuendelea, lakini baba yake akamwuliza mtoto amechanjwa lini.

Kahawa ya Matiri ilivunwa, ikamenywa, ikaoshwa na kuanikwa. Edina alimpigia Ida. Ida alisema mwaka huu vibarua wamekuwa wasumbufu, asubiriwe angalau mpaka wapeleke mzigo chama cha ushirika. Mzigo ulipokwenda chamani, simu ya Ida ikawa inaita tu.

Siku moja ya Septemba Edina alikuwa amembeba mama mkwe kwapani, anamgeuzia upande wa ukuta, ndipo maumivu yakamjia ambayo hakuyajua hata kwenye uzazi. Yalitoka jichoni yakapita mpaka kisogoni. Alimlaza mgonjwa vizuri kwanza, akamfunika, halafu akapiga magoti akatapika kwenye beseni la kuogea. Alipoinua kichwa alitafuta mlango, na mlango haukuwapo. Alidhani mtu ameufunga. Akamwuliza Mama Gertruda ni nani kafunga mlango.

"Uko wazi," bibi kizee akasema.

* * *

Kwenye kliniki ya macho mjini Mbinga, Daktari Othmar, mtu mzima mwenye miwani ya kamba, alimkalisha Edina kwenye kiti na kumwinua kidevu. Cleopa alisimama nyuma na kofia mkononi.

"Mama, huu mwanga unauona?"

"Uko upande gani, daktari?"

"Nakuuliza wewe."

Edina akafikiri. Akataka kubahatisha, kama alivyobahatisha vidole vya Ida. "Kushoto," akasema. Daktari hakusema kama ni kweli. Edina alisikia tochi ikizimwa, kisha akahisi kitu baridi kikiligusa jicho.

"Presha ya jicho haitakiwi kuvuka ishirini na moja," daktari akasema. "Hapa ni hamsini na nane." Akachukua kadi, akaisoma. "Imeandikwa isipite Mei. Leo ni Septemba ishirini na mbili. Mlikuwa wapi?"

"Tulikuwa na mgonjwa nyumbani," Cleopa akajibu.

Daktari akavuta kiti, akakaa mbele ya Edina na kuongea naye peke yake. Mafuta yamechakaa, yamekatika, yameziba njia ya maji. Mshipa umekufa. Mwezi gani ulikufa hawezi kujua, huenda ulikuwa ukifa polepole tangu kichwa kilipoanza kuuma. Atampa vidonge na matone ya kushusha presha. Mafuta bado yanapaswa kutolewa, kwa sababu bila hivyo maumivu yatarudi.

"Nikitolewa nitaona?"

"Hapana, mama. Kuona hakutarudi."

"Na kama ningekuja Mei?"

Daktari Othmar aliitazama tena kadi. Nje kulikuwa na mtu anaita majina ya wagonjwa. "Mei wangeweza kukusaidia," akasema. "Siwezi kukudanganya."

Edina aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa njia ya kwenda sokoni. Cleopa ndiye aliyeuliza swali la mwisho, na aliliuliza kwa adabu, kama mtu anayetaka kupanga mambo yake vizuri.

"Sasa daktari, kama hataona tena, hayo mafuta yana haraka gani?"

Daktari aliandika barua ya rufaa, akaikunja, na badala ya kumpa Cleopa akaitia mkononi mwa Edina, akavifunga vidole vyake juu yake.

* * *

Walirudi Lundo Jumanne. Alhamisi asubuhi Edina, akiwa amekaa kwenye mkeka barazani, alisikia pikipiki ikisimama na mwanamke akishusha mzigo. Mwanamke alipiga hodi, akamwamkia. Jina lake lilikuwa Rosemary, mjane wa binamu yake Cleopa kule Liuli. Alikuja kumhudumia bibi. Hakupoteza muda: aliuliza maji yako wapi, beseni lipi, sabuni ipi, akaingia ndani. Edina alisikia maji yakimiminwa na shuka likivutwa kwa namna ya mtu anayejua kazi.

Alipotoka kuanika, Edina alimwomba akae kidogo.

"Uliitwa lini, dada?"

"Juzi. Shemeji alinipigia Jumanne, jana nikafunga mizigo."

"Ulikuwa na shughuli huko Liuli?"

"Shughuli gani, dada yangu. Tangu mume wangu afariki mwaka juzi nipo tu. Nilimuuguza yeye, nikamuuguza na mama yake. Shemeji angeniita wakati wowote ningekuja." Akainuka, shuka likidondosha maji. "Pole na macho. Nitakuogesha na wewe nikimaliza kwa bibi?"

"Najiweza," Edina akasema.

Kutoka chumbani, sauti ya Mama Gertruda ikaita. Edina akageuza kichwa.

"Edina. Huyu ni nani?"

"Rosemary, Mama. Wa Liuli."

Bibi kizee akasema, kwa sauti ya mtu aliyelala kwenye shuka kavu, "Ana mikono mizuri."

Cleopa alikuja mchana kula. Rosemary alimtengea, akamtengea na Edina, akaushika mkono wake na kuuonyesha bakuli lilipo. Walipokwisha kula na Rosemary kutoa vyombo, Edina aliingiza mkono chini ya khanga, akatoa barua ya daktari na kuiweka mezani kati yao.

"Mtu wa kubaki na mama amepatikana," alisema. "Tunakwenda lini?"

Cleopa hakuigusa ile barua. Alinawa, akajifuta mikono kwa makini, kidole kimoja kimoja.

"Ndiyo kwanza amefika," akasema. "Ngoja azoee kwanza."

"Azoee siku ngapi?"

"Siku chache tu."

Akavaa kofia, akarudi karakanani. Edina alipapasa meza mpaka akaipata barua, akairudisha chini ya khanga. Maumivu yalikuwa yameanza tena juu ya jicho, taratibu. Kuna vidonge alivyopewa vya saa nane. Alikaa akingoja Rosemary amalize vyombo, ili amwulize sasa ni saa ngapi.